Amaretto kando ya Baileys, Amarula, sambuca na Konyagi: umimine ipi?

Harufu ya amaretto, kileo kitamu cha Kiitaliano, ni harufu ya lozi, na kwa sababu hiyo wengi huipa sifa ambazo ni za lozi zenyewe. Lozi zinastahili kusifiwa. Konzi moja, kama gramu 28, ina protini gramu 6, nyuzinyuzi gramu 3.5 na vitamini E zaidi ya miligramu 7, ukiacha kalsiamu na magnesi. Kwenye glasi ya amaretto vitu hivyo havimo. Mna maji, kilevi, sukari na manukato, basi. Protini hakuna, nyuzinyuzi hakuna, mafuta hakuna, na vitamini hazifiki kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo anayesimama mbele ya rafu akisita kati ya amaretto na chupa ya jirani yake ana mambo manne ya kuangalia: kilevi ni kiasi gani, sukari ni kiasi gani, kuna maziwa au hakuna, na ni ladha gani anayoitaka baada ya chakula.

Naanza na amaretto yenyewe, maana hata chini ya jina hilo moja kuna chupa zisizofanana.

Amaretto si moja

Inayojulikana zaidi ni Disaronno, inayotoka Saronno, mji wa Lombardia ulio karibu na Milan. Ina asilimia 28 ya kilevi. Mapokeo ya kampuni yanasema mwaka 1525 Bernardino Luini, aliyekuwa akichora kuta za kanisa la Bikira Maria wa Miujiza mjini humo, alimchukua mwenye nyumba ya wageni kuwa kielelezo cha sura ya Maria, naye yule mama akamshukuru kwa kinywaji cha viini vya aprikoti vilivyolowekwa kwenye brandi. Michoro ya Luini ipo hadi leo na inafaa kutazamwa. Kwa mnywaji, lenye uzito ni hivyo viini: Disaronno haitengenezwi kwa lozi. Ladha yake inatokana na mafuta ya viini vya kokwa za aprikoti, sukari iliyounguzwa, na mchanganyiko wa mimea na matunda 17, na kampuni hutangaza wazi kwamba ndani yake hamna lozi wala kokwa nyingine za jamii ya korosho na njugu.

Inawezekanaje aprikoti inukie lozi? Miti hii ni ya ukoo mmoja, pamoja na pichi na plamu, na viini vyake, hasa vilivyo vichungu, vina kemikali iitwayo amigdalini. Kiini kikisagwa na kulowa maji, amigdalini huvunjika ikatoa vitu viwili: benzaldehidi, ambayo ndiyo harufu tunayoijua kuwa ya lozi, na sianidi, ambayo ni sumu. Kiwandani sianidi huondolewa na mafuta hubaki safi. Jikoni kwako hakuna kifaa cha kuiondoa kwa uhakika. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mapishi ya "amaretto ya nyumbani" yanayoanza kwa kuvunja kokwa na kuloweka viini yamejaa mtandaoni. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya kwamba mtu mzima akila viini vibichi vidogo zaidi ya vitatu kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwa mtoto mdogo hata kimoja kinaweza kuzidi. Ukiitaka amaretto, nunua iliyotengenezwa na wanaojua kuisafisha.

Chupa ya pili ya Saronno ni Lazzaroni, yenye asilimia 24. Wao huloweka biskuti zao za amaretti kwenye kilevi, na biskuti hizo hufinyangwa kwa sukari, viini vya aprikoti na ute wa mayai. Matokeo yake ni kinywaji laini, chenye harufu ya kitu kilichookwa. Ya tatu ni Luxardo, ya Torreglia karibu na Padova, ukoo ulioanza kazi mwaka 1821 mjini Zara, ambao leo ni Zadar ya Kroatia. Nayo ina asilimia 24, na kwangu ndiyo inayokaribia zaidi ladha ya lozi iliyosagwa na sukari.

Mwenye mzio wa lozi asichukulie kwamba amaretto zote ziko sawa na Disaronno. Baadhi ya watengenezaji hutumia lozi halisi. Tena sheria ya Ulaya kuhusu vizio, ambayo hulazimisha lozi na hazelnati kutajwa kwenye lebo, imesamehe zile zilizotumika kutengeneza kilevi kilichokenekwa. Ukimya wa lebo basi hauthibitishi kwamba hazikutumika. Mwenye mzio wa mayai naye aulize kabla ya kuonja ile ya biskuti. Na asije mtu akabadilisha amaretto kwa Frangelico akidhani ni jambo lile lile: hiyo, yenye chupa ya umbo la mtawa, hutengenezwa kwa hazelnati za Piemonte zilizokaangwa.

Hesabu ambayo lebo haikupi

Geuza chupa utafute jedwali la lishe kama lile la pakiti ya maziwa. Mara nyingi hulikuti. Kanuni ya Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inavisamehe vileo kama hivi, vyenye kilevi zaidi ya asilimia 1.2, visiorodheshe viungo wala lishe. Baadhi ya kampuni hutoa takwimu kwa hiari, nyingine hazitoi. Bahati nzuri hesabu ni nyepesi na kila mtu anaweza kuifanya kwenye simu.

Chukua mililita ulizomimina, zidisha kwa asilimia ya kilevi, kisha zidisha kwa 0.789, ambao ni uzito wa mililita moja ya kilevi kwa gramu. Hizo ndizo gramu za kilevi. Kila gramu hutoa kalori 7. Sukari hutoa kalori 4 kwa gramu, mafuta 9. Jumlisha.

Sukari ya amaretto ndiyo inayosumbua, kwa kuwa kila nyumba ina kipimo chake. Sheria ya Ulaya hutaka vileo vitamu vya kundi hili viwe, kwa kawaida, na sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita, na amaretto nyingi huvuka hapo kwa mbali. Hapa chini nimetumia kadirio la gramu 30 kwa mililita 100. Ukipata takwimu ya chupa yako, weka yako. Kwa sambuca, kileo cha Kiitaliano chenye ladha ya anisi, nimetumia kiwango cha chini kabisa ambacho sheria hiyo inaruhusu, gramu 350 kwa lita, pamoja na kilevi cha asilimia 38, ambacho nacho ni cha chini kabisa kwake. Kwa Baileys nimefuata takwimu za kampuni.

Toti moja hapa ni mililita 30.

| Kinywaji | Kilevi (g) | Sukari (g) | Mafuta (g) | Kalori |
|---|---|---|---|---|
| Amaretto ya 28% (Disaronno) | 6.6 | 9 | 0 | 82 |
| Amaretto ya 24% (Lazzaroni, Luxardo) | 5.7 | 9 | 0 | 76 |
| Baileys, 17% | 4.0 | 6 | 3.9 | 98 |
| Sambuca, 38% | 9.0 | 10.5 | 0 | 105 |
| Konyagi, 35% | 8.3 | 0 | 0 | 58 |
| Wiski, 40% | 9.5 | 0 | 0 | 66 |

Usisome safu ya mwisho peke yake. Anayefuata kalori tu atasema Konyagi imeshinda, na kwa kalori imeshinda kweli, lakini toti hiyo ina kilevi mara mbili ya ile ya Baileys. Ini halihesabu kalori, linahesabu kilevi.

Amaretto na jamii ya krimu

Huu ndio ushindani halisi, kwa sababu hivi vyote huwekwa mezani wakati mmoja, baada ya chakula, na huchaguliwa na watu wale wale wanaopenda kitu kitamu kisichochoma koo. Baileys ya Ireland huchanganya wiski na krimu ya maziwa. Amarula ya Afrika Kusini, inayojulikana sana kwenye maduka na baa zetu, hutumia kilevi cha tunda la mng'ongo pamoja na krimu, nayo pia ina asilimia 17. Na kwa mng'ongo yanajirudia yale ya lozi: tunda bichi lina vitamini C kwa wingi, lakini anayelitafutia vitamini hiyo ale tunda.

Krimu inabadilisha mambo matatu. Kwanza mafuta: karibu gramu 4 kwa toti, na mengi ni yale mazito ya maziwa ambayo mwenye lehemu nyingi kwenye damu ameshaambiwa ayapunguze. Toti mbili zimekaribia gramu 8, kabla ya keki kufika. Amaretto haina hata tone. Pili ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa kwetu matumbo yao hayaisagi vizuri, na anayevimba tumbo baada ya glasi ya maziwa atakuwa na raha zaidi na amaretto. Tatu ni muda wa kukaa. Kinywaji cha krimu kina tarehe ya kuheshimiwa hata kama chupa haijafunguliwa, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam usikiache juu ya kabati. Amaretto hukaa miaka bila kuharibika, kwa kuwa kilevi na sukari vinaihifadhi. Itapoteza harufu kidogo kidogo baada ya kufunguliwa, basi.

Kwa upande mwingine, krimu ina kilevi kidogo zaidi, na kwa mtu anayekunywa toti moja tu mara chache, tofauti ya gramu 6.6 na 4 ni ya maana. Sukari yake pia iko chini. Kwa hiyo asiye na tatizo la maziwa wala la mafuta, na anayetaka kilevi kipungue, akichagua Baileys au Amarula amechagua vizuri. Mwenye tatizo la maziwa au la lehemu achukue amaretto, na kati ya amaretto ningempa ile ya asilimia 24.

Amaretto na pombe zisizo na sukari

Konyagi na wiski hazina sukari ndani ya chupa. Lakini nani huzinywa hivyo? Wengi huongeza kola. Mililita 150 za kola, nusu ya chupa ndogo, zina sukari kama gramu 16 na kalori 64. Ghafla toti ya Konyagi imefika kalori 122 na sukari yake imeipita amaretto iliyonywewa na barafu pekee. Ukiongeza kola hiyo hiyo kwenye amaretto, sukari inafika gramu 25 kwenye glasi moja. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000, hiyo asilimia 5 ndiyo gramu 25. Zimekwisha zote kabla ya chai ya kesho.

Ushauri wangu ni mmoja na sijauona ukishindwa: amaretto ichanganywe na vitu visivyo na sukari. Maji ya gesi, barafu nyingi, na ndimu nzima iliyokamuliwa. Uchachu wa ndimu unaipenda ladha ile ya lozi na kuukata utamu, na glasi inakuwa ndefu karibu bila kalori mpya. Kahawa chungu ya Kiitaliano nayo inaifaa sana, kijiko kimoja au viwili ndani ya kikombe, bila sukari nyingine. Amaretto ina sukari ya kutosha kukitosheleza kikombe hicho.

Jihadhari na mchanganyiko wa wiski na amaretto unaoitwa Godfather. Orodha ya kimataifa ya wahudumu wa baa iliwahi kuupima kwa mililita 35 za kila kimoja. Unaonekana mdogo ndani ya glasi, lakini una gramu karibu 19 za kilevi, karibu sawa na nusu lita ya bia ya asilimia 5, na kalori zaidi ya 170. Bia utainywa kwa nusu saa au zaidi. Huu watu huumaliza kwa dakika chache kwa sababu utamu umeufunika ukali. Hapo ndipo hatari ya vileo vitamu vyote ilipo: Disaronno ina nguvu ya sehemu saba katika kumi za wiski, na ulimi haukuambii.

Vivyo hivyo, usimimine kwa macho. Glasi nene yenye barafu ikijazwa nusu kwa amaretto huwa na mililita 60 kwa urahisi, ambazo ni kalori 165 na sukari gramu 18. Kipimo cha chuma cha toti ni cha bei ndogo na kinaokoa zaidi kuliko kubadilisha aina ya chupa.

Sambuca siizungumzii sana. Kwa kilevi iko karibu na wiski, kwa sukari inaipita amaretto, na ladha yake ya anisi ni ya wanaoipenda tu.

Afya ikikubana, swali linabadilika

Mwenye kisukari mara nyingi huambiwa aogope amaretto kwa sababu ya sukari. Sukari ni nusu ya tatizo. Kilevi huliziba ini lisitoe sukari yake ya akiba na lisitengeneze nyingine, kwa sababu linashughulika kukiondoa kilevi kwanza. Kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, sukari inaweza kupanda kidogo baada ya glasi kisha ikashuka vibaya saa kadhaa baadaye, usiku, akiwa amelala, na dalili zake zikadhaniwa ni ulevi. Kwake hata Konyagi isiyo na sukari si salama kwa sababu hiyo. Azungumze na daktari wake kwanza, na akinywa asinywe bila chakula tumboni, na mtu wa nyumbani ajue.

Mjamzito asinywe chochote katika hivi, hata kijiko kwenye kahawa. Mwenye ugonjwa wa ini pia. Kilevi kimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi tangu 1988, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha kilevi kisicho na madhara kwa afya. Asiyekunywa hana sababu yoyote ya kilishe ya kuanza, na harufu ya lozi isimdanganye.

Kwa asiyekunywa, na kwa anayepika

Anayependa ladha hii lakini hatumii kilevi, kwa dini au kwa afya, ana njia bora kuliko zote hapo juu. Sharbati ya lozi: loweka lozi usiku, zimenye, zisage na maziwa na iliki, tia sukari kwa mkono mwepesi. Hapo unakunywa lozi zenyewe, na protini yake, na vitamini E yake. Ukikiita kinywaji hiki mbadala wa amaretto unakivunjia heshima, maana kwa lishe kinaishinda mbali. Arki ya lozi ya kuokea keki nayo hutoa harufu ile ile ya benzaldehidi, ila soma kichupa: baadhi huyeyushwa kwenye kilevi, nyingine sivyo.

Wapo wanaosema amaretto ikiingia jikoni kilevi chote huruka na moto. Hakiruki chote. Vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichookwa dakika 25 bila kukorogwa hubaki na asilimia 45 ya kilevi chake, kilichochemka nusu saa hubaki na asilimia 35, na hata kilichochemka saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5. Kukiwasha moto juu ya sahani, ule mwali wa kupendeza, huacha robo tatu.

Tiramisu, kitindamlo baridi cha Kiitaliano, haipikwi kabisa, na baadhi ya wapishi huitia amaretto, ramu au divai ya marsala, kwa hiyo kilevi kilichotiwa ndicho kilichomo. Kwenye hoteli za Malindi, Watamu na Zanzibar, ambako meza za Kiitaliano ni nyingi, mpishi anaweza kukutayarishia ya kahawa tupu ukimwomba mapema. Huwa inatengenezwa saa kadhaa kabla, hivyo swali hilo liulizwe unapoagiza chakula, usisubiri hadi kitindamlo.